Fundo la Mgongoni

Sikuliona fundo likifungwa. Nilihisi tu mikono midogo ikipita kiunoni mwangu, kitambaa kikivutwa, kisha pumzi ya mtu mfupi nyuma ya mabega yangu. Nilikuwa nimeinamia ubao, na wino mweusi ulikuwa umeanza kunirukia. Gauni langu nalo lilikuwa jeusi, kwa hiyo wino haukuonekana, lakini Madame Kimura hakuwa mtu wa kuacha nguo ya mwenzie ichafuke, hata kwa uchafu usioonekana. Nilipotazama chini nikaona rangi ya chungwa imenizunguka toka kiunoni hadi magotini. Nilipoinua kichwa nikamwona wifi yangu Mathilde amesimama mlangoni, koti limelowa mvua, mdomo wazi.

"Yesu wangu," akasema. "Sidonie, nani amekufunga ile kitu?"

Madame Kimura, aliyekuwa bado ameshika ncha za kitambaa, akainama kumsalimu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mwaka 2010, katika ukumbi wa komini yetu, yaani manispaa ya mtaa, nyuma ya Basilika, Brussels. Mume wangu Jérôme Kalenga alikuwa kaburini tangu mwaka 2007. Ili ieleweke kwa nini kitambaa cha kufungia mzigo kilimtoa Mathilde rangi usoni, lazima nirudi nyuma kidogo.

Kwao akina Kalenga mjane hujifunga weusi siku ya maziko na hauvui mwenyewe. Hungoja mpaka mtu wa upande wa mume aje asimame nyuma yake na kumfunga kitambaa cha rangi kiunoni, naye asigeuke wala asiombe. Fundo likikaza, marehemu ameachiwa aende zake na mjane ameachiwa aishi. Dada wa tumbo moja na marehemu hawezi kulifunga, maana naye ni mfiwa. Kwa kawaida hufanyika mwaka ukitimia. Aliyepangwa kunifunga mimi alikuwa Joël, mdogo wake Jérôme, mtu wa Lubumbashi. Joël akaomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akaambiwa hakuna uhakika kwamba atarudi kwao. Safari nyingine alipeleka mpaka picha ya kaburi la kaka yake, wakamrudishia picha na jibu lilelile. Mwaka ukatimia, ukapita, ukaja mwingine, na mimi nimo katika weusi.

Mtu ataniuliza, mlango ulikuwa na kufuli? Haukuwa nayo. Brussels nzima ilikuwa chini ya dirisha langu, na maduka yamejaa nguo za kila rangi. Lakini kwetu mjane anayejivua mwenyewe husemwa kuwa ndiye aliyemuua mume. Hayo maneno yangesemwa Jumapili huko Evere, mtaa wa Mathilde, na kufikia Jumatatu yangekuwa yameingia nyumbani kwa mama yangu Likasi, mwanamke mzee ambaye hana kingine cha kujivunia ila jina lake. Isitoshe, nilimpenda Jérôme. Nilitaka kumuaga kwa namna ambayo angeitambua. Kwa hiyo nilikaa ndani ya ile nguo kama kuku mgeni, ambaye wahenga walisema hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa ndefu kutoka Brussels mpaka Katanga.

Mjane hasuki nywele, hatangulii kutoa mkono, haimbi, halali nje ya nyumba yake. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi niliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Kazini nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa wa jengo moja refu la ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, na huko hakuna aliyejua kitu. Mbelgiji mmoja tuliyefanya naye kazi aliniambia kuwa nyeusi inanipunguza unene, nikamshukuru. Nilikuwa nalia chooni, kisha narudi kwenye masufuria.

Na kila jioni simu ya mezani ililia. Mathilde aliniamrisha nisiikate hiyo laini, kwa sababu simu ya mkononi husema uongo, mtu anaweza kuwa popote. Ya mezani haiwezi. Alipiga kutoka kwake Evere, na maneno yalikuwa yaleyale.

"Uko?"

"Niko."

"Bon."

Basi. Hakuuliza nimekula nini wala kichwa kimepoa vipi. Nikishaweka simu chini nilikuwa nakwenda dirishani, natazama kuba la kijani la Basilika mpaka giza linalimeza. Nilimchukia Mathilde siku hizo, sitaficha. Ndiye aliyesimamia maziko yote, akapokea watu, akagawa chakula, akapanga viti, na sikuona chozi lake hata moja. Nilidhani amenifanya mimi niwe mliaji wake, nilie kwa niaba ya ukoo mzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huo aliuona mwepesi sana mgongoni mwangu.

Komini ndiyo iliyonitoa nje, bila kujua. Ilikuwa imefunga undugu na mji mmoja wa pwani ya Japani tangu zamani. Mameya walipeana mikono, wakapandiana miti, na kila baada ya miaka kadhaa wageni walikuja wakala pamoja na wenyeji wao. Safari hii miji hiyo miwili ilikubaliana kutengeneza picha moja kwa namna ya Kijapani, picha inayochapwa kwa mbao. Kila rangi ina ubao wake. Ubao wa mistari myeusi, ambao ndio mama wa picha, ungechongwa kule kwao. Mbao za rangi zingechongwa huku kwetu na wakazi wenyewe. Hakuna mji ambao ungeweza kuitoa ile picha bila mwenzie. Nilikuwa dirishani mwa komini nikishughulikia kitambulisho changu, na mama wa dirishani, kwa kuniona nimesinyaa, akanipa kikaratasi cha tangazo akanisihi nije.

Nilimwambia Mathilde kwamba komini imeniita. Sikumdanganya sana. Kwa sisi wenye vibali vya kuishi, komini ikikuita huendi kuuliza kama ni lazima.

"Kama ni commune, uende," akasema. "Lakini urudie mbele ya simu." Yaani kabla haijalia.

Hivyo nikaanza kwenda kila Jumamosi. Madame Kimura alikuwa fundi wa kuchapa, ametumwa na mji wake, mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye Kifaransa cha vipande kama changu cha mwaka wa kwanza. Tulielewana vizuri kwa sababu sote wawili hatukuwa na maneno ya kupoteza. Alitufundisha kuwa kisu hakichongi picha, kinaondoa yasiyo picha. Alitufundisha kona mbili ndogo zinazochongwa pembeni mwa kila ubao, ambamo karatasi hukaa, ili rangi zote ziangukie mahali pake. Kona ikikosea kwa upana wa ukucha, basi rangi haitaingia ndani ya mstari wake.

Picha yenyewe ilikuwa ya daraja refu katika mvua. Upande huu kuba letu la Basilika, upande ule paa za mji wao na bahari, na katikati ya daraja mtu mmoja mdogo mwenye mwavuli mwekundu, amesimama. Haijulikani anakwenda upande gani. Walipogawa mbao, mimi nikapewa ule mwavuli. Nilisita, halafu nikakumbuka kuwa ubao hauna rangi. Ukichonga nyekundu, mikononi mwako ni mti wa mcheri tu. Nikachonga mwavuli wangu kwa wiki nyingi, na hapakuwa na sheria ya ukoo iliyonikataza.

Shida ilikuja siku ya kuchapa. Ubao mama ulifika kutoka Japani umefungwa ndani ya kitambaa kikubwa cha rangi ya chungwa, maana watu wa kule wanafunga mizigo kwa vitambaa, kama mama zetu. Madame Kimura alifungua fundo, akautoa ubao, akauliza nani atachapa weusi. Wote walitaka rangi. Nikainua mkono. Weusi niliufahamu.

Kazi ya weusi ilichukua Jumamosi nzima. Karatasi zinalowanishwa kwanza, zinapangwa kati ya magazeti yenye maji, na lazima zikae na unyevu huohuo mpaka rangi ya mwisho. Zikikauka zinasinyaa, na rangi haziingii tena. Unapaka wino, unalaza karatasi ndani ya zile kona mbili, kisha unasugua mgongo wake kwa kidude cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Unaifunua, na mvua inatokea, daraja linatokea. Nilisahau saa. Simu yangu ya mezani ililia katika nyumba tupu, ikalia tena, na Mathilde akavaa koti akapanda tramu kuja kunitafuta. Alifika wakati uleule Madame Kimura alipookota kitambaa cha mzigo kilichokuwa kimelala bure kitini, akaja nyuma yangu.

Mtu wa nje, asiyeombwa, mgongoni mwangu, kitambaa cha rangi, nami sijageuka. Kila kitu kilikuwa sawasawa isipokuwa mfungaji.

"Toa," Mathilde akasema. "Toa mbele ya bantu bote hawajaona."

Nikakitoa. Nilikuwa na hasira na, Mungu anisamehe, furaha.

Jioni ileile tulikaa mezani kwangu, kitambaa kimekunjwa kati yetu, simu imewekwa sauti ya juu. Lubumbashi walikuwa wamekusanyika kwa Joël. Mathilde akaeleza, nao wakamwacha aeleze mara mbili.

"Ba Japonais?" Joël akauliza. "Juu ya nini ba Japonais?"

Kisha tukasikia simu ikipita mkono hadi mkono, na ikaja sauti ya Shangazi Felisia, dada wa baba yao, ambaye katika ukoo ule neno lake hufunga mjadala.

"Sidonie, mutoto wangu. Uligeuka?"

"Hapana, Shangazi. Sikugeuka."

"Ulimuomba akufunge?"

"Hapana. Nilikuwa na kazi mikononi."

"Na huyu mama ni wa muji gani?"

Nikamwambia habari za miji ile miwili. Akataka kujua kama wakubwa wa miji walipeana mikono mbele ya watu, kama walipeana vitu, kama walikula pamoja. Nikasema ndiyo, tangu zamani. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha bibi asiye na meno, mpaka akakohoa.

"Alors ni batani betu," akasema. "Jérôme analala mu udongo ya ile muji, donc batani ya ile muji ni batani yake. Mutani ndiye anazikaka. Mutani ndiye anatoshaka mujane kilio wakati bandugu bameshindwa. Na siye tumeshindwa. Joël, usinikatie maneno. Tumeshindwa."

Nilifunika uso kwa mikono. Kwetu mtani ni mtu wa kabila au ukoo mliopatana naye tangu enzi za mababu. Anaweza kukutukana mbele ya jeneza la baba yako, akaiba kuku wa matanga, na humfanyi kitu, kwa sababu ndiye anayebeba kazi ambazo mikono ya ndugu haiwezi. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa kuna mlango huo. Brussels sikuwahi kuona mtani wa akina Kalenga.

"Lakini," Shangazi akaendelea, na sauti ikabadilika, "fundo ya mutani haikazaka kama dada ya marehemu hakumupa haki yake. Kuku, na matusi. Mathilde, unasikia? Ni weye."

Mathilde alikichukua kitambaa, akakitia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu.

"Kesho usitoke," akaniambia mlangoni. "Nitafikiri."

Nikabaki nimekaa. Nilijua namna yake ya kufikiri. Alikuwa amefikiri kuhusu viza ya Joël miaka miwili na zaidi. Nililia usiku ule kama ambavyo sikuwahi kulia tangu maziko, maana nilikuwa nimeona mlango ukifunguka na mtu akaondoka na ufunguo katika mkoba.

Lakini kulikuwa na zile karatasi. Zililala ukumbini kati ya magazeti, zimelowa, zina mistari myeusi tu, na karatasi iliyolowa haingojei ukoo. Asubuhi nilivaa weusi wangu, nikaifunga nyumba, nikaenda. Ilikuwa mara ya kwanza kumvunjia Mathilde neno, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa.

Wenzangu walichapa kijivu cha mvua, kijani cha kuba, buluu ya bahari. Mimi nililowanisha karatasi na kubadilisha magazeti. Ilipofika zamu ya mwavuli, Madame Kimura akaweka ubao wangu mezani na bakuli la rangi nyekundu, akanionyesha kwa kidole. Nikatikisa kichwa. Akaonyesha tena. Nilikuwa natafuta Kifaransa cha kumweleza ndipo mlango ukafunguliwa.

Mathilde alikuwa amevaa nguo zake za kanisani na ameshika sufuria kwa mikono miwili, imefungwa taulo. Harufu ya kuku wa pilipili ikaujaza ukumbi. Alimwendea Madame Kimura moja kwa moja, akasimama mbele yake, akavuta pumzi.

"Weye mwizi ya kilio!" akapaza sauti. "Mufupi kama kiti ya jikoni! Bantu banalia, weye unakuya kuiba mujane! Umetoka mbali yote ile kwa kutafuta kuku ya bure! Kula, ushibe, mutani mubaya!"

Wabelgiji walikuwa wameshika brashi zao hewani. Madame Kimura alimtazama Mathilde usoni, kisha akainama chini sana, akaipokea sufuria kwa mikono miwili, akanusa, akasema maneno marefu kwa Kijapani, ya ukali kidogo. Mpaka leo sijui alisema nini.

"Amenijibu muzuri," Mathilde akasema.

Akatoa kitambaa katika mkoba, akampa. Akanishika mabega akanigeuza nitazame meza.

"Usigeuke," akaninong'oneza.

Sikugeuka. Mikono midogo ikapita tena kiunoni, kitambaa kikavutwa, fundo likakaza. Mbele yangu palikuwa na ubao wa mcheri na rangi nyekundu, nikaipaka, nikalaza karatasi katika kona zake, nikasugua. Nilipoifunua, mtu wa darajani alikuwa na mwavuli mwekundu, lakini wekundu umetoka nje ya mstari kwa upana wa ukucha. Karatasi iliyokosewa huchanwa. Ile Madame Kimura hakuichana, alinipa mimi.

Picha zilizo nzuri ziko katika droo za komini. Rangi za aina hiyo huuawa na mwanga, kwa hiyo hutolewa gizani kwa miezi michache tu, kisha hurudishwa zipumzike miaka. Mwaka 2017 walizitoa nikaenda kuzitazama. Buluu ya bahari ilikuwa imeanza kupauka kidogo. Mistari myeusi ilikuwa vilevile. Nilikuwa nimevaa gauni la njano, na nilijiuliza ni nani katika umati ule angejua weusi ule ni mkono wangu.

Lakini siku ile nilipoinua kichwa kutoka kwenye mwavuli wangu, nilimtafuta Mathilde nimshukuru. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, mikono imelala mapajani, anakitazama kitambaa changu cha chungwa.

"Donc amekufa," akasema.

"Yaya?" nikasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Kila siku nilikupigia simu, unasema uko. Miye nasema bon, mujane yake iko, weusi iko. Na kaka naye kumbe iko kidogo." Akaguguna mdomo. "Sasa hapana tena."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hata mimi mkewe sikulijua. Wabelgiji walitazama pembeni. Madame Kimura akaleta glasi ya maji akaiweka sakafuni kando yake, akaenda. Nilivua shali yangu nyeusi nikamfunika mabegani, nikapiga magoti pale, nikamshika. Chuki yote niliyomwekea sikujua imekwenda wapi.

Jumatatu nilirudi kazini na kitambaa cha njano kichwani. Yule Mbelgiji akaniambia nimenenepa. Jioni nilipofika nyumbani nilikaa karibu na simu ya mezani bila kuvua koti, kwa mazoea. Haikulia. Nikangoja, jua likaondoka kwenye kuba, haikulia. Mwishowe nikainua mimi, nikapiga Evere.

Ilichukuliwa. Nilisikia pumzi tu.

"Uko?" nikauliza.

"Niko," Mathilde akasema.

"Bon," nikasema. Nikaweka simu chini, nikapika uji, nikatia sufuria katika mfuko, nikashuka ngazi kwenda kupanda tramu ya Evere.